Kupima maji kabla ya kuchimba kisima: vijiti, nyaya, koili, nyundo au kiboksi?

Omba bei ya kupima maji kwa wapimaji watatu. Mmoja atakuja na vijiti vinne vya chuma na tepu ya mita 100, wa pili na nyaya ndefu zenye elektrodi (vijiti vya kupitishia umeme) 48, wa tatu na kiboksi kinachoenea kwenye mkoba wa begani. Kila mmoja atakwambia chake kinaona maji. Hakuna kinachoona maji. Vifaa vya umeme hupima ukinzani, yaani jinsi ardhi inavyogoma kupitisha mkondo, kwa kipimo cha ohm-mita. Nyundo na jiofoni, yaani vihisi vya mtikisiko, hupima kasi ya mtikisiko ardhini. Maji huja baadaye, kwenye tafsiri, na tafsiri hutegemea mwamba ulio chini yako kuliko jina la mashine.

Ulinganisho huu ni wa anayelipa: kamati ya maji ya kijiji, shule, mkulima wa umwagiliaji, mwenye kiwanja. Utamfaa pia mwanafunzi wa jiolojia au fundi anayejiuliza aanze kujifunza njia ipi.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo kikubwa kuliko vyote: unatafuta mahali, au unatafuta kina? Ni maswali mawili tofauti. Kwenye mwamba mgumu wa Dodoma, Singida, Tabora au Kitui, maji yamo kwenye tabaka la mwamba uliooza na kwenye nyufa za mwamba mzima ulio chini yake. Ukanda wenye nyufa unaweza kuwa na upana wa mita 10 tu. Ukikosea kwa hatua ishirini umechimba kisima kikavu. Hapo swali ni mahali. Kwenye mchanga na udongo wa mfinyanzi wa pwani mambo hugeuka. Matabaka yamelala karibu sawasawa kwa umbali mrefu, kuhama mita 20 hakubadilishi sana, ila kuchimba mita 15 zaidi kunaweza kukuingiza kwenye maji ya chumvi. Hapo swali ni kina.

Pili, kina kinachofikiwa kweli, si kile kilichoandikwa kwenye kipeperushi cha muuzaji. Tatu, nafasi: karibu kila njia hapa inataka mstari ulionyooka wenye urefu mara kadhaa ya kina unachokitafuta, na watu wengi hawalijui hili mpaka siku ya kupima. Nne, kelele, yaani nyaya za umeme, senyenge, mabomba ya chuma, barabara yenye malori. Tano, watu na muda. Sita ni kigezo ambacho wateja huwa hawakiulizi: je, vipimo ghafi vinaweza kukaguliwa na mtaalamu mwingine ambaye hakuwepo uwanjani?

VES: vijiti vinne

VES (vertical electrical sounding, yaani kupima ukinzani kwenda chini) ndiyo njia ya zamani na iliyoenea kuliko zote Afrika Mashariki. Vijiti vinne hupigiliwa kwenye mstari mmoja. Viwili vya nje, A na B, hupitisha mkondo. Viwili vya ndani, M na N, hupima volteji. Kitovu hakihami. Wanaohama ni A na B, hatua kwa hatua: mita 1.5 kila upande, kisha 2, 3, 5, 7, 10, na kuendelea hadi 100, 200 au zaidi. Kadiri A na B wanavyoachana, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya mkondo inavyoshuka chini.

*Inajibu nini.* Kina na unene wa matabaka chini ya nukta moja. Haijibu mahali, isipokuwa ukipima nukta nyingi.

*Kina.* Kwa makadirio ya kazi, chukua 0.19 ya umbali wote kutoka A hadi B. Ukitandaza mita 400, unapata picha ya mita 76 hivi. Hesabu hii ndogo mteja yeyote anaweza kuitumia kukagua ripoti. Kama mpimaji alitandaza mita 60 kila upande, yaani 120 kwa jumla, kipimo chake kimefika mita 23 hivi. Akikuandikia uchimbe mita 120, hizo nyingine amekisia. Makisio yenyewe si dhambi, mradi ayaite makisio.

*Kazi ya uwanjani.* Watu wanne, betri ya gari ya volti 12, saa moja hadi mbili kwa nukta. Mfano wa kipimo kimoja: AB/2, yaani nusu ya umbali kati ya A na B, ni mita 100; MN/2, nusu ya umbali kati ya M na N, ni mita 10. Mraba wa 100 ukitoa mraba wa 10 unapata 9,900. Zidisha kwa 3.14, gawanya kwa MN ambayo ni 20, unapata kama 1,555. Mashine ikisoma milivolti 6.4 kwa mkondo wa miliampea 50, uwiano wake ni ohm 0.128, na ukinzani wa kuonekana, yaani wa ardhi yote iliyopitiwa na mkondo kwa pamoja, ni ohm-mita 199. Kila mstari wa jedwali la VES hupatikana hivi, na ndiyo sababu mtu mwingine anaweza kulikagua akiwa na kikokotoo cha simu. Kwa kigezo cha data ghafi, hakuna njia inayoipita.

*Inapokosea.* Kosa la kawaida ni mguso. Kijiti kwenye udongo mkavu hakipitishi mkondo wa kutosha, na volteji inayorudi huzama kwenye kelele. Dawa yake ni maji ya chumvi, kama nusu lita kwa kijiti, au kupigilia vijiti viwili vitatu pamoja pale A na B. Kosa la pili hutokea M na N wanapopanuliwa: curve, yaani mstari wa mchoro wa ukinzani kwa kila AB/2, inaruka. Mpimaji makini hurudia vipimo viwili vya AB/2 kwa MN ya zamani na mpya ili aone mruko una ukubwa gani. Kosa la tatu ni kutandaza nyaya sambamba na bomba au senyenge, ambayo hunyonya mkondo na kukuchorea tabaka lisilokuwepo.

Kuna ukaguzi mmoja ambao hautaki utaalamu wowote. Curve ikichorwa kwenye karatasi ya logi (yenye mizani ya logarithimu) pande zote mbili, mkono wake wa mwisho hauwezi kupanda kwa zaidi ya digrii 45 kama ardhi ina matabaka yaliyolala. Ukipanda wima kuliko hapo, ama kuna kosa la kipimo, au chini si matabaka bali kuna kitu kilichosimama pembeni. Vyovyote iwavyo, tafsiri ya matabaka iliyopachikwa juu ya curve hiyo haina maana.

Halafu kuna tatizo ambalo hata kipimo safi hakiliondoi. Tabaka lenye ukinzani mdogo lililobanwa katikati hujulikana kwa unene gawanya kwa ukinzani tu. Mita 10 za ohm-mita 20 na mita 20 za ohm-mita 40 zote hutoa 0.5, na curve zao hutofautiana kidogo mno kwa jicho au kwa programu. La kwanza huenda ni mfinyanzi usiotoa maji, la pili huenda ni mwamba uliooza unaotoa maji vizuri. Kinachoamua kati yao ni kisima cha jirani. Kwa hiyo mpimaji anayeanza kazi kwa kupima VES moja kando ya kisima chenye rekodi ya uchimbaji hapotezi muda wako. Anajipa ufunguo wa kusomea curve nyingine zote.

*Inamfaa nani.* Maeneo ya matabaka, maeneo ya kina kirefu, na yeyote ambaye mahali pameshajulikana kwa njia nyingine.

ERT: mkato wa ardhi

ERT (electrical resistivity tomography) ni umeme uleule, ila elektrodi 48 au 72 hufungwa kwenye nyaya mara moja na mashine yenyewe huchagua nne nne, mamia ya mara, hadi kupatikana mkato wa ardhi wenye rangi.

*Inajibu nini.* Mahali na kina kwa pamoja, chini ya mstari mmoja. Kwa mwamba mgumu ndiyo njia inayoeleza mengi zaidi.

*Kina.* Elektrodi 48 kila mita 5 ni mstari wa mita 235, na kina chake katikati ni mita 40 hadi 45. Neno muhimu ni katikati. Pembeni kina kinapungua hadi sifuri, kwa hiyo ufa ulioonekana mita 20 kutoka mwisho wa mstari haujaonekana; umedhaniwa. Ukitaka mita 80 hadi 90, tandaza kila mita 10, ambayo ni mstari wa mita 470, na ukubali kwamba vitu vyembamba vitapotea.

*Kazi ya uwanjani.* Watu wanne au watano, mistari miwili au mitatu kwa siku kukiwa na eneo wazi. Mashine ni ghali, kwa hiyo bei ya siku ni kubwa. Kabla ya kuanza, mashine hupima mguso wa kila elektrodi. Inayoonyesha kilo-ohm 10 au zaidi imwagiwe maji ya chumvi au ihamishwe kidogo. Timu inayoruka hatua hii huleta mkato wenye milia ya wima ambayo mteja huambiwa ni nyufa.

*Inapokosea.* Kwanza, rangi. Programu nyingi hupaka ukinzani mdogo buluu na mkubwa nyekundu, na macho ya kila mtu huona buluu akasema maji. Buluu yaweza kuwa mfinyanzi mkavu kabisa kwa kazi yako, au maji ya chumvi. Kwenye granaiti ya Dodoma, ufa wenye maji matamu ya ohm-mita mia na ushee huenda ukatokea kijani, na mpimaji asiyesoma namba akaupita kwenda kwenye buluu ya mbuga ya udongo mweusi iliyo jirani. Usisome rangi. Soma namba za kipimo cha rangi, na hakikisha mikato yote ya eneo lako imetumia kipimo kimoja.

Pili, mkato huo haukupigwa picha, umekokotolewa. Programu hutafuta ardhi ambayo ingeweza kutoa vipimo vile, na huilainisha, kwa hiyo mpaka mkali kati ya udongo na mwamba huonekana kama mteremko wa rangi. Ripoti itaje kosa la ulinganifu, yaani tofauti kati ya vipimo halisi na vile ambavyo ardhi iliyokokotolewa ingetoa, kwa asilimia. Chini ya 5 ni pazuri kwa kawaida. Likifika 15, uliza vipimo vibaya viliondolewa vipi. Lakini kosa la 1 lililopatikana kwa kuisukuma programu irudie mara ishirini nalo si la kujivunia, kwa kuwa imeanza kuchora kelele.

Tatu, mpangilio wa elektrodi. Mpangilio wa Wenner, wenye elektrodi nne zilizoachana sawasawa, hutoa ishara yenye nguvu na huona vizuri matabaka yaliyolala. Dipoli kwa dipoli, ambapo jozi ya mkondo hukaa kando na jozi ya volteji, huona vizuri vitu vilivyosimama kama nyufa, ila ishara yake ni dhaifu na hufa mapema penye kelele. Kwa kutafuta nyufa, mpimaji aliyetumia Wenner peke yake amechagua upande usiofaa.

*Inamfaa nani.* Mradi wenye fedha kidogo za ziada na ardhi wazi, hasa pale ambapo kisima kimoja au viwili vimeshakauka.

Koili mbili za sumakuumeme

Watu wawili, kila mmoja na koili yake, wameunganishwa kwa waya. Koili moja hutuma uga wa sumaku unaobadilika, ardhi hujibu, nyingine hupokea. Kifaa kilichozoeleka zaidi kwenye visima vya Afrika ni EM34 ya Geonics, yenye umbali wa mita 10, 20 na 40 kati ya koili.

*Inajibu nini.* Mahali. Husoma upitishaji umeme kwa milisimens kwa mita. Gawanya 1,000 kwa namba hiyo upate ohm-mita.

*Kina.* Koili zikisimama wima, ni kama robo tatu ya umbali kati yake. Zikilazwa chini, mara moja na nusu. Kwa mita 40 hiyo ni mita 30 na mita 60. Lakini ni wastani wa ardhi yote hadi hapo, si matabaka yaliyotenganishwa.

*Kazi ya uwanjani.* Hapa ndipo inapozipiku nyingine: hakuna kijiti cha kupigilia, kwa hiyo udongo mkavu wa Septemba hauisumbui, na timu hutembea kilomita kadhaa kwa siku ikisoma kila mita 10 au 20. Kazi ifanyike asubuhi. Mchana wa msimu wa mvua, radi za mbali huichezesha sindano.

*Inapokosea.* Senyenge, nyaya za umeme, paa za bati. Sogea mita 50 hadi 100 kutoka kwenye chochote cha chuma kirefu. Koili zilizolazwa zisipokuwa kwenye usawa mmoja hukosea sana. Kwenye miteremko zisimamishe. Kwenye udongo unaopitisha sana umeme, kama mbuga nyeusi au ardhi ya chumvi, kuanzia milisimens 100 hivi kwa mita kifaa husoma pungufu. Na kwenye granaiti iliyo wazi husoma karibu na sifuri, ambapo kosa dogo la kusawazisha kifaa ni kubwa kuliko ishara yenyewe.

Kuna jambo linalowapoteza wanaoanza. Koili zilizolazwa zikipita juu ya ufa mwembamba uliosimama, namba hushuka, wakati mwingine chini ya sifuri, na kupanda pande zote mbili. Anayetafuta namba kubwa tu atachimba begani mwa ufa badala ya katikati. Ndiyo maana mstari hupimwa kwa namna zote mbili, koili wima na koili chini, na kuchorwa pamoja.

*Inamfaa nani.* Kijiji au shamba kubwa kwenye mwamba mgumu. Haimfai mwenye kiwanja cha mjini kwa namna yoyote.

Nyundo na jiofoni

Nyundo ya kuvunjia mawe hupigwa kwenye bamba la chuma; jiofoni 24 kila mita 5 husikiliza mtikisiko ukipita.

*Inajibu nini.* Mwamba mgumu uko chini kiasi gani, na kwa kiasi fulani usawa wa maji kwenye mchanga. Udongo mkavu uliolegea hupitisha mtikisiko kwa mita 300 hadi 700 kwa sekunde, mchanga uliojaa maji kama 1,500, granaiti nzima zaidi ya 4,500. Haijui kabisa kama maji ni matamu au ya chumvi.

*Kina.* Robo hadi moja ya tano ya urefu wa mstari. Mstari wa mita 115 hufika mita 23 hadi 29. Zaidi ya hapo nyundo haitoshi.

*Kazi ya uwanjani.* Watu watatu wanne. Mapigo matano hadi kumi hujumlishwa kwa kila nukta ili upepo na magari yafutane. Umeme wa jirani hausumbui sana kama kwenye njia nyingine.

*Inapokosea.* Njia hii inataka kila tabaka liwe na kasi kubwa kuliko la juu yake. Penye lava ngumu juu ya majivu au mchanga, kama sehemu nyingi za Arusha na Nairobi, tabaka laini la chini halionekani, na kina cha vilivyo chini yake hutoka kikubwa kuliko kilivyo. Pia kasi ya 1,500 yaweza kuwa mchanga uliojaa maji au mwamba uliooza ulio mkavu.

*Inamfaa nani.* Visima vifupi, mabwawa, misingi ya majengo. Kwa kisima kirefu peke yake, hapana.

Kwa mito ya mchanga ya Kitui au Dodoma, nondo ya milimita 16 ikipigiliwa kwenye mchanga kila mita chache hukupa kina cha mwamba kwa bei ya nondo. Hatuoni sababu ya kukodi mashine hapo.

Kiboksi cha uga asilia

Miaka ya karibuni vimejaa sokoni. Elektrodi mbili ndogo, mara nyingi mita 10 kati yake, husogezwa kwenye mstari. Kifaa husoma volteji za asili za ardhini kwa masafa mbalimbali na simu huchora ramani ya rangi papo hapo.

*Inajibu nini.* Mahali, kwa kiasi. Panaposhuka volteji kwenye masafa mengi kwa pamoja, huenda ukinzani ni mdogo.

*Kina.* Hapa tuseme wazi. Mawimbi haya hupenya kwa mita 503 mara kipeuo cha pili cha ukinzani gawanya kwa masafa. Kwa masafa ya hetzi 1,000, hiyo ni mita 71 kwenye udongo wa ohm-mita 20, mita 159 kwenye ohm-mita 100, na mita 503 kwenye mwamba wa ohm-mita 1,000. Kifaa kinachopima uga wa umeme peke yake, bila wa sumaku, hakijui ukinzani halisi, kwa hiyo mhimili wa kina unaouona kwenye simu umepangwa kwa kudhania. Ukiambiwa maji yako mita 87, namba hiyo ni ya programu.

*Kazi ya uwanjani.* Watu wawili, nusu saa kwa mstari, hakuna betri ya gari, kinaingia hata kwenye kichochoro. Ni faida za kweli.

*Inapokosea.* Chanzo chake ni radi za mbali na, mjini, gridi ya umeme yenyewe. Vyote hubadilika ndani ya saa. Jaribio ni rahisi: mwambie mpimaji arudie mstari baada ya saa moja akianzia upande wa pili. Penye ishara ya kweli patabaki palepale. Pakihama, hapakuwa na kitu. Ugumu mwingine ni kwamba programu nyingi hutoa picha tu, bila jedwali la kukagua.

*Inamfaa nani.* Mchujo wa haraka wa eneo, kabla ya VES. Peke yake isitoshe kuita mtambo wa kuchimba.

Uamuzi kwa hali yako

Kijiji au shamba kwenye mwamba mgumu. Anza na picha za setilaiti za bure, utafute mistari iliyonyooka ya mimea au makorongo. Pitisha koili au ERT kukata mistari hiyo, si kuifuata. Kisha VES kwenye nukta mbili tatu zilizojitokeza. Kwa tabaka lililooza, ohm-mita 20 hadi 100 ndipo mara nyingi panapotoa maji. Chini ya 20 shuku mfinyanzi, juu ya 200 shuku mwamba ambao haujaoza vya kutosha. Hii ni dira tu. Uwanda wa Makutupora unaoinywesha Dodoma unapata maji mengi kutoka granaiti yenye nyufa, ambayo mtu anayefuata namba hizi kikasuku angeiruka.

Fedha haitoshi kwa njia mbili. VES tano kwenye mstari mmoja, kila mita 40 hivi, zina manufaa kuliko ERT moja iliyowekwa popote palipokuwa na nafasi.

Pwani na visiwani. VES au ERT, na kabla ya hapo pima chumvi ya visima vyote vya jirani kwa kipima upitishaji cha mkononi. Ukinzani chini ya ohm-mita 5 huashiria chumvi, ingawa mfinyanzi mzito nao hukaribia hapo. Kumbuka pia uwiano wa mizani ya maji matamu na ya bahari: kila mita moja ya maji matamu juu ya usawa wa bahari hubeba kama mita 40 chini yake. Kwa hiyo pampu ikikushushia maji nusu mita tu, kwa muda mrefu chumvi inaweza kupanda mita 20. Kina kilichopimwa vizuri kinaharibiwa na pampu kubwa.

Nairobi na nyanda za lava. Maji mengi yako kwenye matabaka ya zamani kati ya lava moja na nyingine, na visima vya zaidi ya mita 200 ni vya kawaida. VES yenye AB/2 ya mita 300 hadi 500 ndiyo yenye nafasi ya kufika, na ndani ya jiji nafasi hiyo haipo. Rekodi za visima vya jirani zitakuwa na uzito kuliko kipimo chochote.

Meru, Arusha, Kilimanjaro na Bonde la Ufa. Hakuna njia hata moja kati ya hizi inayoona floraidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vya ukanda huu huvuka hapo mara nyingi. Tenga fedha za maabara kabla ya kutenga za mashine.

Kiwanja cha mita 20 kwa 30 mjini. ERT ya kila mita 2 inataka mstari wa mita 94 na hukupa mita 18 tu. Uliza majirani kina, ujazo kwa saa na ladha ya maji, kisha tumia kiboksi kama ni lazima, ukijua unachonunua.

Fundi au mwanafunzi. Anza na VES. Kanuni zake ndizo zilezile za ERT, na mtu anayeweza kuchora curve kwa mkono hadanganywi na rangi za programu.

Kwa upande wa sheria, Tanzania kibali huombwa kwenye bodi ya maji ya bonde lako, moja kati ya tisa. Kenya ni Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, inayotaka ripoti ya haidrojiolojia ya mtaalamu aliyesajiliwa. Uliza mapema kama ripoti ya njia unayolipia itapokelewa.

Na kabla ya kulipa sehemu ya mwisho, dai vitu vitano kwa maandishi: jedwali la vipimo ghafi, koordineti za kila nukta na mwelekeo wa nyaya, kina kilichofikiwa na kipimo tofauti na kina kilichopendekezwa, nukta mbili za akiba, na kisima cha jirani kilichotumika kulinganisha. Nukta yenyewe iwekewe kigingi cha zege kilichozikwa hadi usawa wa ardhi. Mtambo wa kuchimba huja wiki kadhaa baadaye, mbuzi wameshang'oa kijiti cha mti, simu ina kosa la mita 5 hadi 10, na dereva ataegesha pale penye kivuli.